Digrii moja ya goti, dola 1,533 kwa mwezi

Leo sizungumzii simu mpya wala Linux. Nataka tuangalie programu moja ambayo haimo kwenye tarakilishi yako, lakini inaamua wanachokula watu zaidi ya milioni 5 huko Marekani. Sehemu yake kubwa iliandikwa kwenye karatasi mwaka 1945, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na mpaka leo inafanya kazi. Ni ile hesabu ambayo Wizara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu ya Marekani, VA kwa kifupi, hutumia kumpa askari aliyeumia kazini kiwango chake cha ulemavu: asilimia 0, 10, 20, hadi 100. Kiwango hicho ndicho kinachoamua atalipwa pesa ngapi kila mwezi.

Utaniuliza, Mkenya wa Nairobi anahangaika na VA kwa nini? Kwa sababu wengi wenu mna binamu, shemeji au mwanafunzi mwenzenu aliyevaa magwanda ya Marekani. Mwaka 2009 jeshi lile lilianzisha mpango ulioitwa MAVNI, wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa udaktari au wa lugha zilizohitajika, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016, ila vijana waliopita mlango huo, pamoja na wale walioingia jeshini kwa kadi ya kijani, sasa wanatoka. Wanatoka na magoti mabovu, migongo mibovu na masikio yanayolia usiku kucha. Wanapokea barua ya VA, wanaona namba, wanasema "alhamdulillahi, angalau wamenipa kitu", na wanaiweka barua kabatini.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na watu. Namba iliyo kwenye ile barua si neno la Mungu. Ni jibu la programu, na jibu la programu haliwezi kuwa bora kuliko data uliyoilisha. Kukata rufaa si utovu wa shukrani wala tamaa. Ni kuripoti hitilafu.

Tuanze na hesabu yenyewe maana ni tamu kidogo kwa watu kama sisi. Mtu akiwa na majeraha mawili, moja la asilimia 50 na jingine la 30, VA haisemi ana 80. Inasema: huyu alikuwa mtu mzima, yaani 100. Jeraha la kwanza limechukua 50, zimebaki 50. Jeraha la pili linachukua asilimia 30 ya zile 50 zilizobaki, yaani 15. Jumla 65. Halafu 65 inasukumwa hadi kumi iliyo karibu, inakuwa 70. Ni kama duka linalokupunguzia nusu ya bei, kisha linapunguza asilimia 30 ya bei mpya. Hutoki dukani umepunguziwa 80. Sina ugomvi na fomula hiyo. Ina mantiki yake, na inahakikisha mtu hawezi kufika asilimia 240 za ulemavu, jambo ambalo halina maana.

Ugomvi wangu unaanzia pale pa kusukuma hadi kumi iliyo karibu.

Chukua askari ambaye VA imempa hivi: asilimia 70 kwa kiwewe cha vita, 50 kwa kipandauso, 40 kwa mgongo, 20 kwa goti moja na 20 kwa bega moja. Ukijumlisha kwa hesabu ya shule ya msingi ni 200. Kwa hesabu ya VA: 70 na 50 ni 85. Ongeza 40, unapata 91. Ongeza 20, inakuwa 92.8, wanaandika 93. Ongeza 20 nyingine, inakuwa 94.4, wanaandika 94. Kisha 94 inashuka hadi 90.

Sasa tuseme goti lile lingepewa 30 badala ya 20. Fuata tena: 85, 91, kisha 93.7 ambayo ni 94, kisha 95.2 ambayo ni 95. Na 95 inapanda hadi 100.

Tofauti ni nini? Kwa viwango vya mwaka 2025, askari asiye na mke wala mtoto mwenye asilimia 90 alilipwa dola 2,297.96 kwa mwezi. Mwenye 100 alilipwa dola 3,831.30. Hiyo ni tofauti ya dola 1,533.34 kila mwezi, karibu shilingi laki mbili za kwetu, kwa sababu 94 si 95. Linganisha na chini kabisa: kutoka asilimia 10 hadi 20 tofauti ilikuwa dola 171 na senti kidogo. Ngazi hii haina vipandio sawa. Unapanda polepole, polepole, halafu kipandio cha mwisho ni ukuta. Na wao wameweka kukadiria kwa makumi hapo hapo kwenye ukuta! Mtunzi wa programu akiniletea kitu kama hiki nikikague, nitamrudishia kabla sijamaliza chai.

Bado hatujafika kwenye goti lenyewe. Jedwali la VA linasema hivi kuhusu goti linaloshindwa kukunjika: likiishia digrii 60, asilimia 0. Likiishia 45, asilimia 10. Likiishia 30, asilimia 20. Likiishia 15, asilimia 30. Wenzangu mnaona ni nini hii? Ni "kama... la sivyo" nne zimepangwa mstari. Goti linaloishia digrii 16 ni 20. Linaloishia 15 ni 30. Katika mfano wetu digrii hiyo moja, ambayo daktari anaisoma kwa macho kwenye kipima pembe cha plastiki, ndiyo dola 1,533.

Na kipimo hicho huchukuliwa lini? Siku moja, saa moja, kwenye chumba cha mtahini ambaye mara nyingi si mfanyakazi wa VA bali wa kampuni iliyopewa kandarasi, na ambaye huenda hajawahi kumwona askari huyo. Goti halina tabia hiyo. Asubuhi baada ya kulala vizuri linakunjika, jioni baada ya kupanda ngazi limevimba kama embe. Ukinipa data ya siku moja nikakujengea mfumo wa kuamua maisha ya mtu ya miaka 40, utasema mimi ni mtaalamu au tapeli?

Mahakama za huko zimeliona hili zamani. Mwaka 1995, katika kesi ya DeLuca, mahakama ya rufaa ya wastaafu ilisema mtahini hawezi kuandika digrii tu akaenda zake. Ni lazima aeleze maumivu yanapunguza nini, na hali inakuwaje siku ambazo jeraha limechachamaa. Mwaka 2016 kesi ya Correia ikadai kiungo kipimwe kikibeba uzito na kisipobeba, mwenyewe akikikunja na mtahini akikikunja. Mwaka 2017 kesi ya Sharp ikamfungia mtahini kisingizio cha "siwezi kusema kwa sababu leo hajachachamaa". Anatakiwa amuulize mgonjwa, asome faili, akadirie. Kwa hiyo maelekezo ya programu yapo na yako wazi. Askari anayepata ripoti ya mtahini isiyosema lolote kuhusu siku mbaya ameshikilia hitilafu mkononi, tena iliyothibitishwa na mahakama.

Kuna zaidi. Kanuni za VA zenyewe zinasema hali ya mtu ikiwa katikati ya viwango viwili na ikikaribia zaidi cha juu, apewe cha juu. Na sheria ya nchi inasema ushahidi wa pande zote mbili ukikaribia kulingana, shaka inamfaidi askari. Kwa hiyo zile "kama" nne hazikukusudiwa kuwa wembe. Anayezitumia kama wembe anavunja maelekezo, hata kama kila hesabu yake ni sahihi.

Najua mtakachosema, hasa nyinyi mnaopenda kila kitu kiwe cha dijitali. "Tatizo ni makaratasi, weka tarakilishi litaisha." Nami ni mpenzi wa tarakilishi kama nyinyi. Mwaka 2012 wakaguzi wa VA wenyewe walikuta katika ofisi ya Winston-Salem, North Carolina, mafaili kama 37,000 yamerundikwa juu ya makabati, hadi uzito ukazidi uwezo wa sakafu ya jengo. Yaani malalamiko ya watu yalikuwa yakitishia kubomoa nyumba! Machi 2013 madai yaliyokuwa yamesubiri zaidi ya siku 125 yalifika takriban 611,000. Mwaka huo huo mfumo wa kielektroniki ulifikishwa katika ofisi zote 56 za mikoa, na lundo likaanza kushuka. Mwishoni mwa 2021 wakaanza majaribio ya programu inayokusanya yenyewe rekodi za matibabu kwa madai ya shinikizo la damu. Safi kabisa, sipingi hata moja.

Lakini angalieni kilichoharakishwa. Kimeharakishwa kusafirisha faili. Digrii iliyosomwa vibaya husafiri kwa kasi ile ile ya iliyosomwa vizuri, na ikifika mwisho ina sura ya kupendeza zaidi kwa sababu imechapwa na mashine. Watu hubishana na daktari, hawabishani na skrini. Hapo ndipo ninapoona hatari, na sisi tunaoandika programu ndio tumewazoesha watu heshima hiyo isiyostahili.

Kama unadhani fomula haiwezi kukosea, chukua hii. VA ina nyongeza kwa mtu aliyeumia mikono yote miwili au miguu yote miwili: wanaunganisha viwango vya pande mbili halafu wanaongeza asilimia 10 ya jibu. Lengo ni kumsaidia. Sasa, ilikuja kuonekana kwamba kwa baadhi ya watu nyongeza hiyo ilikuwa ikishusha kiwango cha mwisho. Nyongeza inayopunguza! Mwaka 2023 ndipo VA ilipobadilisha kanuni na kusema isitumike pale inapomwumiza mwenyewe. Walioishi na hitilafu hiyo kabla ya hapo walikuwa na barua nzuri zenye nembo na saini.

Basi rufaa inakatwaje? Sheria ya 2017, iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, ilivunja ile njia moja ya zamani iliyokuwa ikila miaka, ikafungua njia tatu.

Ya kwanza ni dai la nyongeza. Unaleta ushahidi mpya unaohusika: barua ya daktari wako, vipimo vipya, maelezo ya mke, mume au askari mwenzako aliyekuona ukianguka. Ushahidi wa mtu wa kawaida unakubalika kwa mambo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyaona. Kama ubishi ni iwapo jeraha lilitokana na jeshi, daktari haitaji kuapa kuwa ana uhakika. Inatosha aseme, na aeleze sababu, kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi.

Ya pili ni kupitiwa upya na ofisa wa ngazi ya juu. Huruhusiwi kuongeza ushahidi hata karatasi moja. Unaomba mtu mwenye uzoefu zaidi asome kile kile kilichosomwa, na unaweza kuomba simu moja ya kumwonyesha kosa liko ukurasa gani. Hii ndiyo njia ya yule mwenye ripoti ya mtahini iliyosahau siku mbaya. Ofisa akikuta VA ilishindwa wajibu wake wa kukusaidia kupata ushahidi, faili linarudishwa likarekebishwe.

Ya tatu ni Bodi ya Rufaa, mbele ya jaji. Hapo unachagua: asome faili tu, upeleke ushahidi mpya, au usikilizwe ana kwa ana. Ni ya polepole zaidi, na anayechagua kusikilizwa asubiri kwa subira kweli kweli. Bodi ikikunyima, kuna mahakama, na unayo siku 120.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuchagua njia kabla ya kujua hitilafu iko wapi. Omba kwanza faili lako lote na ripoti ya mtahini. Hakuna mtunzi wa programu anayerekebisha kitu bila kusoma kumbukumbu za mfumo. Kama data iliyoingia ilikuwa pungufu, leta nyingine. Kama data ilikuwa sawa ila kanuni ilitumiwa vibaya, mpeleke ofisa wa juu. Na fanya hesabu yako kwa kalamu kwanza! Mtu aliye kwenye 94 anajua ni jeraha lipi la kupigania. Huyo wa mfano wetu angepewa asilimia 10 tu za mlio wa masikio, ulemavu ambao VA huulipia wastaafu wengi kuliko mwingine wowote, 94 ingekuwa 94.6, yaani 95. Tena kuna mlango mwingine hata asipofika 100: kama majeraha yamemzuia kushika kazi ya kumlisha, anaweza kuomba alipwe kama wa 100 kwa sababu hiyo. Barua nyingi zimelala kabatini bila mwenyewe kujua.

"Lakini nikirudi watanishusha." Nimeisikia hii mara nyingi mno, na hofu hii inafanya kazi ya VA bure. Kweli, kiwango kinaweza kupunguzwa kama jeraha limepona, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini mambo uliyokubaliwa kwenye uamuzi wa awali humfunga anayeupitia upya, isipokuwa aonyeshe kosa la wazi lisilo na ubishi. Kiwango kilichokaa miaka 20 hakishuki chini ya hapo ila kwa udanganyifu. Kilichokaa miaka 5 kina ulinzi wake pia. Aliyekaa na 94 mfukoni akiogopa kivuli anapoteza dola 1,533 kila mwezi kulipia hofu.

Wengine hawaogopi VA, wanakimbilia kwa matapeli. Kuna makampuni yanayojitangaza mtandaoni kuwa yatakupandisha hadi 100, halafu yanadai sehemu nono ya nyongeza yako. Hayana kibali cha VA. Sheria iko wazi: hakuna anayeruhusiwa kukutoza ada kuandaa dai la mwanzo. Wakili au wakala mwenye kibali anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, na ada isiyozidi asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo huhesabiwa kuwa ya haki. Vyama vya wastaafu kama DAV, VFW na American Legion husaidia bure.

Lakini usimlaumu tu tapeli. Tangu 1864, enzi za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakili aliyemsaidia askari kudai malipo aliruhusiwa kulipwa dola 10 tu. Kumi! Mwaka 1985, miaka 121 baadaye, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuifuta. Ni mwaka 1988 tu ndipo Bunge lilipounda mahakama ya kusikiliza rufaa za wastaafu. Kabla ya hapo VA ikikunyima, ilikuwa imekunyima. Mazoea ya kuona namba ya VA haijibiwi hayakutoka hewani, yalikuwa sheria kwa zaidi ya karne.

Mimi ningedai kitu kimoja, na wala si kigumu, wiki moja ya kazi kwa timu ndogo. Barua ya uamuzi iandike namba halisi kabla ya kusukumwa kwenye kumi, ili mtu aone kuwa yuko 94 na si 90. Kila askari angejua cha kuuliza. Pengine ndiyo sababu haiandikwi hivyo.

Kwa waliorudi nyumbani, au wanaofikiria kurudi: malipo hayakatwi kwa sababu unaishi Kitale. Madai ya wanaoishi nchi nyingi za nje, Kenya ikiwemo, hushughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh, Pennsylvania, na kuna mpango wa VA wa kulipia matibabu nje ya Marekani kwa majeraha yaliyokubaliwa kuwa ya jeshi. Rufaa unaikata ukiwa hapa hapa. Ila angalia tarehe. Mwaka mmoja huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi, si siku ulipoifungua. Ukiwahi, ukishinda unalipwa tangu tarehe ya dai lako la awali. Ukichelewa, njia ya ofisa wa juu na ya Bodi zimefungwa, na dai la nyongeza litakulipa tangu siku ulipolileta. Kwa mtu wa mfano wetu kila mwezi wa kuchelewa ni zile zile dola 1,533.34. Basi mpigie simu binamu yako leo jioni, mwulize barua iko kabati gani na imeandikwa tarehe ngapi.